Huyo Dogo Si Freemason, Anasikiliza Metali Tu

Wadau, leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Leo nina hasira kidogo, naomba mnivumilie.

Kuna video imezunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp ya Mpanda. Kama una ndugu Katavi, huenda umeshaiona. Ni ya sekunde ishirini na kitu hivi. Fundi mmoja wa kuchomelea, kijana tu, yuko kibandani kwake. Tisheti nyeusi yenye picha ya fuvu, nywele kaziacha zikue, pembeni sabufa inaunguruma gitaa zito na mtu anaimba kama anakoroma. Dogo anakagua geti alilomaliza huku anatikisa kichwa, mbele nyuma, mbele nyuma. Basi, hakuna kingine. Aliyerekodi hakuomba ruhusa. Akabandika maneno "Mpanda tumeingiliwa", akarusha.

Kufika jioni stori ilikuwa imeshaota miguu. Mara dogo ni Freemason. Mara hela ya mashine ya weldi kaipata kwa masharti. Mara usiku anasikika akiongea lugha isiyoeleweka. Mmoja akaandika kabisa, "Muangalieni macho yake, mekundu." Siku ya tatu mteja wa geti akaja kudai hela yake ya kianzio. Mwenye kibanda naye akamwambia dogo mwezi ukiisha atafute sehemu nyingine, eti yeye binafsi hana shida naye ila "watu wanasema". Bi mkubwa wake akavutwa pembeni na kina mama wenzake baada ya ibada, akaulizwa mwanawe siku hizi anafuata nini.

Simtaji dogo, simtaji mtaa, wala aliyerusha video simtaji, ingawa anajijua. Nilisoma darasa moja na kaka yake dogo, ndiyo nikapata namba. Nikampigia. Nikamuuliza, "Dogo, hicho ulichokuwa unasikiliza ni nini?" Akacheka kichovu. "Braza, ni metali tu. Mimi nashinda na grenda masikioni kutwa nzima. Nyimbo nyingine sizisikii. Hii ndiyo inapita juu ya kelele ya chuma."

Hilo jibu nimetembea nalo wiki nzima. Maana mimi ni mtu wa kuangalia dokumentari, na hizi za hevi metali duniani nimezitafuna karibu zote nilizoweza kuzipata. Nikikaa nikizikumbuka, naona kila tuhuma aliyopewa dogo imeshawahi kutupwa mahali pengine, kwa watu wengine, na kamera ilikuwepo. Kwa hiyo leo tuzipitie moja moja. Ukimaliza kusoma bado ukimuona shetani kwenye ile video, sawa, tutaonana kwenye komenti.

Tuhuma ya kwanza: "Huo ni muziki wa wazungu wenye hela"

Aliyeanzisha sauti hii alikuwa fundi bati.

Birmingham, Uingereza, mji wa viwanda vya chuma. Mwaka 1965 kijana wa miaka 17 anaitwa Tony Iommi alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha bati, kazi yake kuchomelea. Siku aliyopanga iwe ya mwisho kazini akawekwa kwenye mashine asiyoizoea. Ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Na yeye alikuwa anapiga gitaa kwa mkono wa kushoto, maana yake vidole vilivyokatika ndivyo vya kubana nyuzi. Watu wakamwambia gitaa asahau. Akachukua chupa ya plastiki ya sabuni, akaiyeyusha, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivika ngozi, akarudi kupiga. Baadaye akawa analegeza nyuzi ili zisimuumize, na zilivyolegea sauti ikashuka chini, ikawa nzito, ikawa na giza. Mwaka 1968 yeye na vijana wengine watatu wa mitaa hiyohiyo waliunda bendi iliyokuja kuitwa Black Sabbath, na albamu yao ya kwanza ikatoka 1970. Mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, kabla ya hapo alishafanya kazi machinjioni, na kwenye kiwanda ambako alikuwa anajaribu honi za magari kutwa nzima. Ozzy alifariki Julai 2025, siku 17 tu baada ya kuwaaga mashabiki kwa shoo kwenye mji huohuo wa Birmingham.

Wenye hela wako wapi hapo? Hao ni vijana wa uswahilini wa kizungu, vibarua watupu.

Sasa geuka uangalie Mpanda. Ile reli ya tawi inayotoka Kaliua mpaka kwetu, kilomita kama 210, mkoloni hakuijenga ili mama zetu wapate usafiri wa kwenda Tabora. Aliijenga karibu na mwaka 1950 akifuata mgodi wa risasi. Risasi kwenye kemia ni metali nzito, ukipenda kucheka cheka. Mgodi ukafungwa, treni ikabaki. Leo ukienda machimbo ya dhahabu kama Dirifu unakutana na makarasha yanasaga mawe toka asubuhi mpaka giza. Na miaka mingi umeme wa mji wetu ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, yaani hata mwanga wetu ulikuwa na mngurumo. Kama kuna mji Tanzania wenye haki na muziki wa mashine, ni huu. Dogo aliposema metali inapita juu ya kelele ya chuma, alikuwa anaongea kitu kilekile ambacho vijana wa Birmingham wangemuelewa bila mkalimani.

Na tuache unafiki. Wengi wetu tumelelewa na hii miziki bila kujua jina lake. Nani hakuwahi kukaa kwenye benchi la kibanda umiza akiangalia mieleka? Triple H alipokuwa anatoka na chupa ya maji, lile gitaa lilikuwa la Motörhead. Ulipiga kelele, ulirusha shati, ukarudi nyumbani ukamkaba mdogo wako. Mbona hukuwa Freemason?

Tuhuma ya pili: "Ni muziki wa kishetani"

Hii ndiyo kubwa, na ndiyo iliyomkosesha dogo mteja.

Mwaka 2005 alitokea msomi mmoja wa anthropolojia kutoka Kanada, Sam Dunn, akatoa dokumentari inaitwa Metal: A Headbanger's Journey. Huyu jamaa ni shabiki wa metali tangu ana miaka 12, na tangu umri huo amekuwa akitakiwa ajieleze kwa nini anapenda kitu hiki. Akaamua azunguke na kamera atafute kwa nini muziki huu unachukiwa hivi. Akaenda mpaka Norway, na hapo sitawaficha: mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuna vijana wa metali kule walichoma makanisa kweli, na wengine wakafika hadi kuua. Walifungwa. Filamu haikuruka hilo, na mimi siruki. Kuna wanamuziki wa metali wanaocheza na picha za shetani ili wauze, na wachache walioamini kabisa.

Lakini Norway walimfunga aliyechoma. Hawakumfunga kila mwenye tisheti.

Mahali pengine walifunga mwenye tisheti. Januari 1997, Misri, vijana karibu mia walikamatwa majumbani mwao, wengi watoto wa shule na vyuo, magazeti yakiandika kwamba wanaabudu shetani. Wakakaa ndani wiki kadhaa, kisha wakaachiwa kwa sababu hakukuwa na kesi. Mwaka 2003, Casablanca, Morocco, vijana 14 wa metali walihukumiwa kifungo kwa kutikisa imani ya Waislamu. Unajua vielelezo vilivyopelekwa mahakamani? Tisheti nyeusi. Sidii. Sanamu ya fuvu. Watu wakaandamana, wanamuziki wakapiga shoo ya kuwatetea, na kwenye rufaa wengi wao wakaachiwa huru. Yaani vitu vilevile vilivyo kwenye video ya dogo wetu vilishawahi kuwekwa mezani mbele ya jaji, na havikutosha.

Halafu kuna Heavy Metal in Baghdad, ya 2007. Hii kama unaangalia moja tu, angalia hii. Ni bendi ya Irak inaitwa Acrassicauda, jina la nge mweusi. Enzi za Saddam Hussein ilibidi watunge wimbo wa kumsifu ndipo waruhusiwe kupiga shoo. Wanasimulia kwamba hata kutikisa kichwa kulikuwa kosa, kwa sababu kulionekana kufanana na namna Wayahudi wanavyosali. Vita vikaja. Kundi moja likawatishia kifo kwa kuwaita waabudu shetani na vibaraka wa Marekani. Chumba chao cha mazoezi kikalipuliwa. Wakakimbilia Syria, wakauza vyombo vyao ili wale. Ukiwaangalia, unaona vijana wanne waliochoka wanaotaka kitu kimoja: kupiga muziki wao bila mtu kufa. Shetani kama alikuwepo Baghdad miaka ile, hakuwa ameshika gitaa.

Macho mekundu

Hapa naomba tuache utani kabisa.

Yule aliyeandika "muangalieni macho yake, mekundu" labda alikuwa anachekesha grupu. Lakini sisi wa huku magharibi tunajua hayo maneno yametoka wapi. Kanda ya Ziwa na mikoa yetu hii, bibi zetu wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu. Bibi amepika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini, moshi umemla macho, kisha jirani akifiwa na mtoto mtu anasema, "Yule bibi macho yake." Hukumu imeisha. Hakuna aliyeuliza jiko liko wapi.

Dogo macho yake mekundu kwa sababu anachomelea. Muulize fundi yeyote wa weldi: ukipigwa na ule mwanga bila miwani nzuri, usiku unalala unahisi una mchanga machoni, asubuhi unaamka kama umelia. Miwani nzuri ni hela. Kwa hiyo ile ambayo nyie mmeiona ni alama ya masharti, ni alama ya kijana anayefanya kazi bila kinga ya maana. Mngemchangia miwani.

Wengine watasema nakuza mambo, hakuna aliyemgusa dogo. Kweli, hajaguswa. Ila kapoteza mteja, anapoteza kibanda, na mama yake anaona aibu kwenda ibadani. Hiyo yote kwa sekunde ishirini. Na maneno ya namna hii, yakishatoka mdomoni, hujui yatalala wapi. Kwa mtu wa Shinyanga, Tabora, Rukwa au Katavi, "huyo ana kitu chake" si utani mwepesi. Kila aliyeibonyeza ile video kuipeleka mbele alibeba tofali moja. Na kwa taarifa yako, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa kusambaza taarifa za uongo.

Kuna kitu kingine huwa kinanichekesha. Mkoa wetu wenyewe, uliozaliwa 2012 ukitolewa ubavuni mwa Rukwa, jina lake limetoka kwa mzimu. Wazee wanasimulia habari za Katabi, mwindaji ambaye roho yake inakaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, ndani ya hifadhi, na watu mpaka leo wanaenda kuacha sadaka pale. Jina hilo liko kwenye barua za serikali, liko kwenye mabango, watalii wanapiga picha. Hakuna mtu aliyesimama akasema mkoa umeingiliwa. Sasa fuvu la tisheti ya mtumba ndilo limewatoa usingizini?

Tuhuma ya tatu: "Mwafrika anahusikaje na hayo makelele?"

Anahusika sana, tena majirani zetu.

Anzia hapa nyumbani. Freddie Mercury wa Queen alizaliwa Unguja, Septemba 1946. Queen walikuwa na wimbo wao wa 1974 unaokimbia kama umefukuzwa, Stone Cold Crazy. Metallica wakaurudia, na mwaka 1991 ukawapa tuzo ya Grammy ya metali. Tom Morello, yule anayelifanya gitaa lipige kelele kama mashine ndani ya Rage Against the Machine, baba yake ni Mkenya.

Vuka Rukwa uingie Zambia. Miaka ya 1970 vijana wa kule, hasa kwenye miji ya migodi ya shaba, walikuwa wanapiga gitaa zito lililochafuliwa sauti kwa makusudi, mtindo ambao leo dunia inauita Zamrock. Bendi kubwa iliitwa WITCH, yaani mchawi, na watu waliijaza kumbi bila kumchoma mtu moto. Bei ya shaba ikaanguka, uchumi ukaanguka, UKIMWI ukaja ukawamaliza wengi wao. Mwimbaji wao, Emmanuel "Jagari" Chanda, akaishia kuchimba vito kujitafutia riziki. Kuna dokumentari ya 2019, We Intend to Cause Havoc, ambamo Muitaliano anaenda kumtafuta. Unamuona mzee na vifaa vyake vya kuchimba, halafu baadaye unamuona jukwaani Ulaya, ukumbi umejaa watoto wanaoimba nyimbo alizodhani zimeshasahaulika. Mimi niliposhuhudia hapo nilifuta macho. Machimboni kwetu kuna wazee wangapi wa namna hiyo, waliowahi kushika gitaa la bendi fulani, na hakuna aliyewauliza?

Botswana ndiyo kabisa. March of the Gods, ya 2014, inawaonyesha wana metali wa kule wamevaa ngozi nyeusi kuanzia kofia mpaka buti, minyororo, pembe za ng'ombe, jua linawaka. Wanatisha kweli. Ukiwasikiliza, ni wafanyakazi, wafugaji, wazazi. Kuna bendi inaitwa Overthrust, ya Ghanzi, mji wa mbali wa wafuga ng'ombe huko Kalahari, mji ambao nikiuona kwenye picha nauona Mpanda. Mwimbaji wao anajiita Vulture Thrust, na amefanya kazi ya upolisi. Askari! Tamasha lao la kila mwaka linachangisha misaada kwa wenye shida. Fikiria askari wa kwetu anatoka lindo, anavaa ngozi, anakoroma jukwaani, mapato yanaenda kwa yatima. Tungemhamisha wilaya kesho yake.

Na Death Metal Angola, ya 2012. Mji wa Huambo, uliopondwapondwa na vita ya miaka 27 iliyoisha 2002. Mama mmoja, Sonia Ferreira, analea watoto yatima, na mwenzake Wilker Flores ni mpiga gitaa wa metali. Wanaandaa shoo ya roki katika mji ambao umeme wenyewe wa kubahatisha. Ndani ya filamu hiyo nilielewa kitu ambacho nilikuwa sikielewi kuhusu huu muziki. Watu waliosikia mabomu utotoni hawakutaka nyimbo za kuwabembeleza. Walitaka sauti yenye ukubwa wa kile walichokisikia, ila safari hii waiendeshe wao.

Nikawaza Katumba na Mishamo. Watu waliokimbia Burundi mwaka 1972, wakapewa mapori ya kwetu, wakalima, wakazaa, na wengi wao leo ni Watanzania. Watoto na wajukuu wao tunacheza nao mpira. Nyumba zile zina stori ambazo hakuna Bongo Fleva ya mapenzi inayoweza kuzibeba. Siku moja kijana wa huko akitaka kupiga kelele, tutamuuliza anapiga kelele za nini, au tutamwambia tu ana mapepo?

Hata hapo Nairobi wapo. Duma walitoa albamu yao 2020. Sisi tukisoma jina hilo tunaona mnyama wa mbugani, kumbe kwa Kikikuyu wao wamemaanisha giza. Mmoja wao, Lord Spikeheart, mwaka 2024 akatoa albamu yake mwenyewe, The Adept, na ni kitukuu cha Muthoni wa Kirima, yule mama shujaa wa Mau Mau. Lebo iliyotoa albamu ya Duma, Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ndiyo hiyohiyo iliyoipeleka dunia singeli ya Mburahati. Singeli, wadau! Mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Nyie mliokua miaka kumi na tano iliyopita mnakumbuka ilivyoitwa: muziki wa wahuni, wa vigodoro, wa watoto walioshindikana. Leo inapigwa kwenye kampeni za siasa na wanaocheza mbele ni waheshimiwa. Singeli haijabadilika kitu. Tulioitukana ndio tulibadilika, tena kimyakimya, bila kuomba radhi.

Kamera haitakuja

Sasa na hizi dokumentari nazo nina kesi nazo.

Baada ya ile ya kwanza, Sam Dunn na mwenzake Scot McFadyen walitoa Global Metal, 2008. Jina lake ni la dunia nzima. Wakaenda Brazil, Japani, India, China, Indonesia, Israel, Dubai. Nzuri sana, hasa ile ya Brazil, ambako Sepultura waliingiza ngoma za Wenyeji Wahindi ndani ya metali. Ila kamera haikutua Afrika. Na zilizokuja Afrika, angalia zilifuata nini: vita, magofu, au mavazi ya ajabu jangwani. Mgeni akija na kamera huwa anajua tayari anachotaka kukiona. Fundi anayechomelea geti Mpanda huku anatikisa kichwa hayumo kwenye orodha yake. Hana bomu, hana pembe za ng'ombe. Ana grenda na deni la kianzio.

Kwa hiyo tusikae tukisubiri. Na jambo linalouma ni kwamba kamera ilishafika kwa dogo. Ilikuwa simu ya mtu wa mtaani kwake, anayemjua kwa jina, mwenye uwezo wa kumuuliza swali moja tu: "Mwanangu, unasikiliza nini?" Ingekuwa dakika tano nzuri kuliko nyingi ninazolipia bando. Dogo angekuonyesha jinsi anavyokata nondo. Angekueleza nyimbo zake alizipata wapi, maana aliniambia: kuna mchimbaji alileta flashi kibandani kuchajisha simu, akaisahau, dogo akaichomeka kwenye sabufa. Mchimbaji hakurudi. Flashi ikabaki, na humo ndani zilikuwemo nyimbo kama themanini ambazo nusu yake mpaka leo dogo hajui zinaitwaje. Hiyo ndiyo dokumentari. Mwenye simu akaamua kuandika "Mpanda tumeingiliwa".

Najua kuna wazazi watasoma hapa waseme mimi napotosha watoto. Mama, baba, shikamooni. Sisemi mkipende kile kelele. Mimi mwenyewe kuna bendi nikizisikia nazima. Mwanao akiacha kula, akijifungia, akianza kuumiza watu au kujiumiza, usiishie kwenye tisheti, kaa naye, muulize, tafuta msaada. Lakini kama anaamka saa kumi na mbili, anaenda kazini, anakuletea hela ya unga, na kosa lake ni kutikisa kichwa kwa nyimbo asizozijua majina, basi kijana huyo hana tatizo. Mpelekee chai.

Na nyie mliorusha: futeni. Kwenye grupu ulilorusha ndimo humohumo uandike, "Jamaa ni fundi, tulimkosea." Itakuuma kidogo, haitakuua.

Nilimuuliza dogo mwishoni kama anahitaji nini. Nilidhani atasema kibanda. Akasema geti. Lile geti la kwenye video bado liko nje, limeegemea ukuta, limekamilika, vipimo ni vya nyumba ya mteja mmoja tu na hakuna mlango mwingine wa kulitosha. Mvua zikianza litashika kutu. Kwa sasa amelipaka rangi ya kwanza kwa hela yake, ile nyekundu ya kuzuia kutu, akisubiri mwenye nalo ajirudi.

Mteja, kama unasoma: geti ni zuri, nimetumiwa picha. Nenda kachukue. Na ukifika ukakuta sabufa inaunguruma, msalimie kwanza, atapunguza sauti mwenyewe. Ana adabu kuliko sisi.

Haya, wadau. Wewe umewahi kuitwa nani kwa sababu ya unachosikiliza? Tiririka hapo chini. Majina ya watu msitaje.